Jedwali la muda limepotea, deni limefutika: kutatua matatizo ya kuunganisha matokeo kwenye SQL

Karibu kila anayenitafuta kwa shida ya majedwali ya muda (temporary tables) amefika hapo kwa njia ileile. Ametakiwa kutoa ripoti ya nani anadaiwa kiasi gani. Mauzo yana jedwali lake, malipo yana jedwali lake, na mwenye duka anataka mstari mmoja kwa kila mteja. Kweri (query, yaani swali unaloiuliza hifadhidata) moja kubwa inamshinda, ndipo anaposikia kwamba unaweza kuweka jibu la kweri ya kwanza kwenye jedwali la muda, la pili kwenye jingine, kisha ukayaunganisha. Ni wazo zuri, na mimi hulitumia kila wiki. Lakini lina mitego yake, na mitego yenyewe hujirudia.

Nimepanga kwa kufuata kile unachokiona kwenye skrini. Mifano ni ya MySQL, maana ndiyo wengi wanayoanzia. Pale PostgreSQL au SQL Server, ambazo nazo ni mifumo ya hifadhidata, zinapokwenda njia nyingine nitasema. Majedwali ya mfano ni matatu: `wateja`, `mauzo` na `malipo`.

Naanza na tatizo lisilotoa ujumbe wowote wa kosa, kwa sababu hilo ndilo linalokula pesa za watu.

## Ripoti imetoka vizuri, ila namba si zenyewe

Sababu ya kwanza, na kwa mbali ndiyo ya kawaida: umeunganisha kabla ya kujumlisha. Kweri huwa hivi:

```
SELECT w.jina, SUM(m.kiasi) AS mauzo, SUM(p.kiasi) AS malipo
FROM wateja w
JOIN mauzo m  ON m.mteja_id = w.id
JOIN malipo p ON p.mteja_id = w.id
GROUP BY w.id, w.jina;
```

Chukua mteja mmoja. Amekopa mara tatu: 10,000, 20,000 na 30,000, jumla 60,000. Amelipa mara mbili: 15,000 na 25,000, jumla 40,000. Anadaiwa 20,000. Sasa kweri hiyo juu inafanya nini? Kila mkopo unakutanishwa na kila malipo, tatu mara mbili, inapatikana mistari sita. Kila mkopo umehesabiwa mara mbili, kwa hiyo mauzo yanasoma 120,000. Kila malipo yamehesabiwa mara tatu, nayo yanasoma 120,000. Deni: sifuri. Mteja amesafishwa na kompyuta na hakuna mstari mwekundu hata mmoja.

Jipime kwa mteja mmoja unayemjua. Fungua daftari lake, jumlisha kwa kikokotoo, linganisha. Ukiona namba ya ripoti ni mara mbili, mara tatu au mara tano kamili ya ile ya daftari, usitafute mchawi.

Dawa ni kujumlisha kila upande peke yake kwanza:

```
DROP TEMPORARY TABLE IF EXISTS muda_mauzo;
CREATE TEMPORARY TABLE muda_mauzo (PRIMARY KEY (mteja_id))
SELECT mteja_id, SUM(kiasi) AS jumla
FROM mauzo
WHERE mteja_id IS NOT NULL
GROUP BY mteja_id;
```

Tengeneza `muda_malipo` kwa mtindo huohuo, kisha:

```
SELECT w.jina,
       COALESCE(m.jumla, 0) - COALESCE(p.jumla, 0) AS deni
FROM wateja w
LEFT JOIN muda_mauzo  m ON m.mteja_id = w.id
LEFT JOIN muda_malipo p ON p.mteja_id = w.id;
```

Ile `WHERE mteja_id IS NOT NULL` ipo kwa ajili ya mauzo ya taslimu, ambayo maduka mengi huyaandika bila mteja. Na `PRIMARY KEY`, ufunguo usioruhusu thamani ijirudie, si pambo. Ukiongeza safu (column) nyingine kwenye `GROUP BY`, MySQL itakukatalia palepale kwa kuwa mteja amejitokeza mara mbili. Afadhali ugombane nayo hapo kuliko mbele ya mteja.

Wapo wanaojitibu kwa `SUM(DISTINCT m.kiasi)`. Usifanye hivyo. Mteja akikopa 10,000 Jumatatu na 10,000 Alhamisi, itahesabiwa moja tu. Umetoka kwenye kosa linalozidisha ukaingia kwenye linalopunguza.

Sababu ya pili: wateja wengine hawamo. `JOIN` ya kawaida humtupa mteja asiye na malipo hata moja, yaani hasa yule unayemtafuta. Tumia `LEFT JOIN`. Kama tayari unaitumia na bado watu wanapotea, angalia `WHERE`: sharti kama `WHERE p.jumla > 0` linarudisha mambo palepale, kwa kuwa asiyelipa ana NULL (yaani hakuna thamani) na NULL haipiti. Na kama deni linatoka tupu badala ya namba, ni kwa sababu 60,000 kutoa NULL ni NULL. Ndiyo kazi ya `COALESCE`: inaweka sifuri pale penye NULL.

Hesabu mistari ya ripoti, uilinganishe na `SELECT COUNT(*) FROM wateja`. Zikitofautiana, tatizo ni hilo.

Sababu ya tatu: UNION imemeza mistari. Hii huwapata wanaopanga mauzo na malipo kwenye orodha moja ya taarifa ya mteja. `UNION` huondoa mistari inayofanana kila kitu. Mteja akichukua mfuko wa sukari asubuhi na mwingine jioni, bei moja, tarehe moja, mmoja unatoweka. Andika `UNION ALL`. Kwa hesabu za fedha sijawahi kuhitaji `UNION` tupu.

Kumbuka pia kwamba `UNION` hulinganisha safu kwa nafasi, haisomi majina. Upande mmoja ukiandika `tarehe, kiasi, namba` na mwingine `tarehe, namba, kiasi`, namba za risiti zitajumlishwa kama shilingi. Nimeiona. Deni lilitoka kubwa kiasi kwamba mwenye duka alicheka kwanza, akakasirika baadaye.

Sababu ya nne: jedwali lina data ya zamani, au limejazwa mara mbili. Mtu huandika `CREATE TEMPORARY TABLE IF NOT EXISTS` ili kukwepa usumbufu. Akiendesha tena ndani ya muunganisho (connection, njia yako ya kuongea na hifadhidata) uleule, jedwali la kwanza bado lipo. Kama kweri yake ni ya `CREATE ... SELECT`, MySQL haiingizi kitu, naye anasoma data ya saa mbili zilizopita. Kama anajaza kwa `INSERT` tofauti, mistari inaongezeka juu ya ile ya mwanzo. Anza kila mara na `DROP TEMPORARY TABLE IF EXISTS`, kama nilivyofanya juu.

Sababu ya tano, ya nadra: duka linauza huku ukipiga hesabu. Umejumlisha mauzo saa 4:00, malipo saa 4:01, na katikati mtu amenunua na kulipa. Weka mpaka mmoja wa muda kwenye kweri zote mbili, kwa mfano kila kitu kabla ya leo asubuhi, na jambo limekwisha.

Simama hapa ikiwa ripoti yenye makosa ilishatumika: watu wameshadaiwa, au hesabu zimeshapelekwa kwa mhasibu. Usiguse majedwali ya asili ili yafanane na ripoti. Hifadhi ripoti mbovu kama ilivyo, toa iliyo sahihi, mwite mhasibu. Kuanzia hapo jambo si la SQL tena.

## "Table doesn't exist", na nimelitengeneza sasa hivi

```
ERROR 1146 (42S02): Table 'duka.muda_mauzo' doesn't exist
```

Jedwali la muda ni mali ya muunganisho ulioliumba. Muunganisho ukifungwa, nalo linakufa. Muunganisho mwingine haulioni, hata kama ni wako, jina la mtumiaji lilelile, kompyuta ileile. Kabla ya kulaumu kitu chochote, endesha hii mara mbili, pale unapotengeneza na pale unaposoma:

```
SELECT CONNECTION_ID();
```

Namba zikitofautiana umeshapata jibu. PostgreSQL ina `pg_backend_pid()`, SQL Server ina `@@SPID`. Na usiwe na wasiwasi ukikosa jina lake kwenye `SHOW TABLES`: MySQL haiorodheshi majedwali ya muda pale.

Mara nyingi sana mkosaji ni phpMyAdmin, ukurasa wa wavuti wa kuendeshea MySQL. Kila unapobonyeza kitufe cha kutuma, kwa kawaida ukurasa hufungua muunganisho mpya na kuufunga. Bandika hatua zote kwenye kisanduku kimoja, uendeshe kwa pamoja. Programu nyingine za mezani nazo hufungua muunganisho tofauti kwa kila dirisha la kweri.

Linalofuata ni msimbo (code) wa programu yako mwenyewe. Kitendo (function) kimoja kinafungua muunganisho kinatengeneza jedwali, kitendo cha pili kinafungua wake kinasoma. Fungua mara moja, upitishe uleule kote.

Kisha kuna muunganisho uliokatika bila wewe kujua. MySQL huukata muunganisho uliokaa kimya kwa muda wa `wait_timeout`, ambao kwa chaguo-msingi ni sekunde 28,800, yaani muda wa saa nane, ingawa kampuni za kukodisha seva hupenda kuushusha sana. Mtandao ukiyumba, ni hivyohivyo. Programu yako ikijiunganisha upya kimyakimya, unarudi ukiwa na mikono mitupu. Dawa ni hatua zote kwenda mfululizo, si kutengeneza jedwali, kwenda kula, na kurudi.

Kwenye PostgreSQL angalia kama umeandika `ON COMMIT DROP`. Nje ya muamala (transaction, kundi la amri zinazothibitishwa kwa pamoja), kila amri hujithibitisha yenyewe, kwa hiyo jedwali linazaliwa na kufa kwenye amri ileile. Zungushia `BEGIN` na `COMMIT`. Na kama kati yako na hifadhidata kuna programu ya PgBouncer inayogawa miunganisho kwa kila muamala, amri yako ya pili inaweza kuangukia muunganisho wa mtu mwingine kabisa. Hapo weka kazi yote ndani ya muamala mmoja, au muombe msimamizi wa hifadhidata njia ya moja kwa moja. Usibadilishe mpangilio wa PgBouncer mwenyewe, kuna programu nyingine zinautegemea.

SQL Server ina mtego wake: jedwali la `#muda` lililotengenezwa ndani ya `EXEC('...')` au ndani ya utaratibu uliohifadhiwa (stored procedure) huondoka pale kazi hiyo inapomalizika. Litengeneze nje kwanza, ulijaze ndani.

## "Can't reopen table": kwangu inakubali, kwenye seva inagoma

```
ERROR 1137 (HY000): Can't reopen table: 'm2'
```

Utaniambia: fundi, nilijaribu jana usiku ikafanya kazi! Najua. Ulijaribu kwenye XAMPP, kifurushi cha seva ya kujaribia kwenye kompyuta yako, na XAMPP za sasa huja na MariaDB, ndugu wa MySQL. MariaDB kuanzia 10.2 inakubali jedwali la muda litajwe mara mbili kwenye kweri moja. MySQL haikubali. Hakikisha kwa `SELECT VERSION();` pande zote mbili.

Suluhisho jepesi ni kutengeneza nakala ya pili ya jedwali la muda kwa jina jingine, kila nakala itajwe mara moja. Ukiwa na MySQL 8.0 au zaidi, achana na jedwali la muda kwa kazi hiyo, uandike `WITH`:

```
WITH jumla_mauzo AS (
  SELECT mteja_id, SUM(kiasi) AS jumla FROM mauzo GROUP BY mteja_id
)
SELECT a.mteja_id, a.jumla
FROM jumla_mauzo a
WHERE a.jumla > (SELECT AVG(b.jumla) FROM jumla_mauzo b);
```

Hilo unaruhusiwa kulitaja mara nyingi upendavyo. Na ukishaizoea `WITH`, utagundua nusu ya majedwali yako ya muda hayakuwa na ulazima.

## "Table already exists", na hatari iliyojificha nyuma yake

Ujumbe wenyewe ni mdogo: uliendesha mara mbili bila kufuta. Weka `DROP TEMPORARY TABLE IF EXISTS` mwanzoni. Ninaloliogopa ni lile mtu analofanya kujibu ujumbe huo.

MySQL inakuruhusu kuliita jedwali la muda jina la jedwali la kudumu. Ukitengeneza la muda liitwalo `wateja`, lile la kweli linafichwa kwenye muunganisho wako. Ukiandika `DROP TABLE wateja`, linafutwa la muda. Mshale wa juu, Enter, mara ya pili, na sasa limefutwa la kweli, na wateja wote wamekwenda. PostgreSQL pia hutafuta la muda kwanza, kwa hiyo mtego ni uleule.

Kinga zake ni rahisi. Kila jedwali la muda liwe na kiambishi kama `muda_`. Kwenye MySQL neno `TEMPORARY` lisikosekane kwenye `DROP`, maana ukiliandika, jedwali la kudumu haliguswi. Kwenye PostgreSQL andika `DROP TABLE pg_temp.muda_mauzo`. Na mtumiaji wa kutoa ripoti asipewe kabisa haki ya kufuta majedwali.

Kama limeshafutwa, acha kila kitu. `ROLLBACK` haitarudisha `DROP TABLE` ya MySQL. Usitengeneze jedwali jipya la jina hilo, usiwashe upya seva, zuia programu isiendelee kuandika, mwite msimamizi akiwa na nakala rudufu. Kila dakika ya majaribio inamwongezea kazi.

## Inakataa kuunganisha: safu hazilingani

`The used SELECT statements have a different number of columns` maana yake hesabu safu. Kama upande mmoja hauna safu fulani, weka `NULL AS jina_la_safu`.

Hili la pili nalipenda kwa jinsi linavyoonekana la kijinga:

```
CREATE TEMPORARY TABLE muda_taarifa
SELECT 'mauzo' AS aina, tarehe, kiasi FROM mauzo;

INSERT INTO muda_taarifa
SELECT 'malipo', tarehe, kiasi FROM malipo;
```

Jibu: `Data too long for column 'aina'`. Neno *mauzo* lina herufi tano, MySQL ikaumba safu ya herufi tano. *Malipo* lina sita. Seva isiyo kali (isiyo kwenye strict mode) haitatoa hata kosa, itakukatia neno liwe *malip* na onyo ambalo hakuna anayelisoma, kisha kweri yako ya `WHERE aina = 'malipo'` irudi bila kitu. Taja safu mwenyewe kwenye `CREATE`: `aina VARCHAR(20)`, kiasi kiwe `DECIMAL(15,2)`.

`Illegal mix of collations` hutokea ukiwa na majedwali ya zamani yanayolinganisha herufi kwa `utf8mb4_general_ci`, na jedwali la muda ulilolitengeneza kwenye MySQL 8.0 likachukua `utf8mb4_0900_ai_ci`. Kwanza jiulize kwa nini unaunganisha kwa jina badala ya namba ya mteja. Ukiwa huna budi, taja `COLLATE` ya jedwali la asili kwenye safu hiyo. Kwa SQL Server, andika `COLLATE DATABASE_DEFAULT`. Kubadilisha mpangilio wa hifadhidata nzima kwa ajili ya ripoti moja ni kazi ya msimamizi, tena usiku, tena baada ya nakala rudufu.

## Inachukua milele

Jedwali la muda halirithi faharasa (index) za jedwali la asili. Weka ufunguo kwenye safu unayounganishia, kama mfano wa kwanza. Kisha punguza: wanaoandika `SELECT *` hubeba hadi maelezo na picha kwa ajili ya safu mbili tu. Chuja tarehe wakati wa kujaza, si mwishoni.

Kwenye PostgreSQL, endesha `ANALYZE muda_mauzo;` baada ya kujaza. Ile kazi ya usuli inayokusanya takwimu za majedwali haiwezi kuyafikia ya muda, kwa hiyo mpangaji wa kweri anakisia tu.

Onyo dogo: kwenye MySQL, `CREATE TEMPORARY TABLE` haithibitishi muamala ulio wazi, ila `ALTER TABLE` na `CREATE INDEX` juu ya jedwali hilohilo huuthibitisha. Ndiyo maana naweka ufunguo ndani ya `CREATE`.

## "Access denied"

Omba haki iitwayo `CREATE TEMPORARY TABLES` kwenye hifadhidata hiyo. PostgreSQL huiita `TEMP`. Usikubali kupewa nenosiri la root, mtumiaji mwenye haki zote, ili mambo yaende haraka. Na kama uko kwenye nakala ya PostgreSQL ya kusoma tu, hakuna haki itakayokusaidia, majedwali ya muda hayatengenezwi pale kabisa. Tumia `WITH`.

## "The table is full"

Angalia kwanza `SHOW CREATE TABLE muda_mauzo`. Ukiona `ENGINE=MEMORY`, yaani jedwali linakaa kwenye kumbukumbu, umegota kwenye `max_heap_table_size`, ambayo kwa chaguo-msingi ni megabaiti 16. Ondoa neno hilo, litumie InnoDB, injini ya kawaida ya MySQL.

Kama ni InnoDB, au unaona `No space left on device`, diski imejaa. Funga muunganisho wako: MySQL 8.0 hurudisha nafasi ya majedwali yako ya muda hapo. Kwenye 5.7 faili la `ibtmp1` hukua na halipungui hadi seva iwashwe upya. Chunguza pia kweri yako, kwa kuwa `JOIN` iliyosahau `ON` inazidisha kila mstari na kila mstari, na inaweza kujaza diski yoyote.

Zaidi ya hapo usiende peke yako. Usifute `ibtmp1` wala faili lolote kwenye folda ya data huku seva inafanya kazi, hata kama limeandikwa "tmp". Usiwashe upya seva ya duka saa sita mchana. Mpigie msimamizi, umpe toleo la `SELECT VERSION()`, ujumbe wa kosa kama ulivyo, kweri yenyewe, na saa uliyoianzisha.